Kipimo ni Mwezi Mbaya: Mwongozo Kamili wa Kukuza Karakana Ndogo ya Uzalishaji Mjini

Karakana nyingi ndogo katika miji inayokua hudumu miaka kumi au ishirini zikiwa na ukubwa ule ule: mwenyewe, mafundi wawili au watatu, mwanagenzi mmoja, na vifaa vinavyoweza kuhamishwa kwa mkokoteni mara moja au mbili. Washauri wa biashara hulieleza jambo hili kwa kusema kwamba mwenye karakana ni mwoga, au hana elimu ya biashara, au hana mtaji. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini yanasahau kwamba udogo wenyewe ni bima. Katika mji ambao umeme hukatika, wateja huchelewa kulipa, bei ya malighafi hupanda bila taarifa na ugonjwa wa mtu mmoja huweza kusimamisha kazi yote, karakana isiyo na mzigo mkubwa wa gharama za kudumu huinama upepo unapovuma, kisha husimama tena.

Kukua maana yake ni kuiacha bima hiyo. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzi na mkopo wala mashine, bali na swali la nini kitachukua nafasi ya kinga utakayoipoteza. Umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anazalisha na kuuza, awe seremala, mshonaji, mchomeleaji vyuma, mtengenezaji viatu au msindikaji. Hesabu zote zilizomo ni za mfano na hazina jina la fedha yoyote, hivyo msomaji aziweke tarakimu zake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Tambua udogo unakukinga na nini

Chukua daftari na uandike kila desturi ya karakana yako ambayo mtu wa nje angeiona kuwa ni ukosefu wa mpango. Huenda unatengeneza bidhaa saba tofauti badala ya mbili, kwa sababu vitanda vikikosa soko madirisha hununuliwa. Huenda unatumia mashine ya kawaida inayofanya kila kitu kwa ubora wa wastani, kwa kuwa mashine maalumu ingekufunga kwenye bidhaa moja. Unawalipa mafundi kwa kipande, hivyo kazi isipokuwepo hakuna ujira unaodaiwa. Unanunua mbao au kitambaa baada ya mteja kutoa arubuni, na hivyo fedha zako hazilali ghalani. Umepanga eneo kwa mwezi mmoja mmoja. Na pembeni kuna biashara nyingine ndogo inayolisha nyumba.

Kila moja ya desturi hizo ina akili yake, na kila moja ina bei. Fundi anayebadilisha bidhaa kila siku hapati wepesi wa mkono unaotokana na kurudia kazi ile ile. Mnunuzi wa malighafi kidogo kidogo hulipa bei ya rejareja. Fundi wa kipande, ambaye hana uhakika wa mwezi ujao, huondoka siku anayoitwa kwingine, tena mara nyingi ni yule uliyemfundisha wewe. Biashara ya pembeni hula mtaji na muda wa karakana. Andika bei hiyo mbele ya kila desturi, hata kama ni makadirio tu. Ukimaliza utakuwa na orodha ya bima unazozilipia bila kujua, na baadhi yake utagundua ni ghali kuliko hatari zinazozuia.

Katika zoezi hili inafaa kukumbuka tofauti ambayo mwanauchumi wa Marekani Frank Knight aliieleza mwaka 1921, kati ya hatari inayoweza kupimwa na mashaka yasiyopimika. Kukatika kwa umeme, ukiweka kumbukumbu ya miezi sita, ni hatari inayopimika: utajua ni saa ngapi hupotea kwa wastani na mwezi gani ni mbaya zaidi. Kuhamishwa ghafla kwa sababu barabara inapanuliwa hakuna kumbukumbu itakayokutabiria. Ya kwanza hupigiwa hesabu na kuingizwa kwenye bei, ilhali ya pili huhitaji akiba na wepesi wa kuhama. Wenye karakana wengi hufanya kinyume, kwani huishi kwa hofu ya yale yasiyopimika huku wakiacha kupima yale yanayowezekana.

Hatua ya pili: Piga hesabu za kiti kimoja, kisha za mwezi

Hapa ndipo mwongozo huu unamtaka msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya tarakimu hizi.

Tuchukue karakana ya viti. Kiti kimoja kinauzwa 50. Malighafi, pamoja na kulipia mashine ya kuranda ya jirani, ni 28, na ujira wa kipande ni 7. Hivyo kila kiti huacha ziada ya 15. Ziada hiyo si faida. Ni fedha ya kulipia gharama ambazo zipo hata kama hakuna kiti hata kimoja kilichouzwa: pango 120, mlinzi na umeme wa taa 60, mshahara wa mwenye karakana 240, na uchakavu wa vifaa 30. Jumla ni 450 kwa mwezi. Ukigawa 450 kwa 15 unapata 30, maana yake kiti cha thelathini na moja ndicho cha kwanza kuleta faida.

Mambo mawili katika hesabu hiyo hurukwa mara kwa mara. La kwanza ni mshahara wa mwenyewe. Anayechota kwenye droo kadiri mahitaji ya nyumbani yanavyojitokeza hawezi kujua kama karakana inamlisha au inaliwa. Jipangie kiasi, kilipe tarehe moja kila mwezi, na zaidi ya hapo nyumba ikikopa kwenye karakana liandikwe deni kama la mteja mwingine. La pili ni uchakavu. Mashine itakufa siku moja, na kama hukuweka kitu kila mwezi, utadhani umepata bahati mbaya ilhali ni jambo lililotarajiwa tangu siku ya kuinunua.

Sasa angalia punguzo linavyofanya kazi. Mteja akikushawishi upunguze bei kwa asilimia 10 tu, kiti kikauzwa 45, ziada inashuka hadi 10, na idadi ya viti vya kurudisha gharama inapanda kutoka 30 hadi 45. Punguzo la asilimia 10 limedai mauzo zaidi kwa asilimia 50. Mwenye karakana akishaifanya hesabu hii mara moja kwa mkono wake, namna yake ya kupatana bei hubadilika.

Mwisho wa hatua hii, tafuta wiki zako za uhai. Jumlisha fedha taslimu na madeni ambayo una hakika yatalipwa mwezi huu, toa unachodaiwa, kisha gawa kwa gharama za kudumu za wiki moja ukiacha uchakavu, kwa kuwa uchakavu hautoki mfukoni kila mwezi. Kama una 300 taslimu, 150 za uhakika kutoka kwa wateja, na unadaiwa 100, umebaki na 350. Gharama za fedha taslimu za mwezi ni 420, sawa na takriban 97 kwa wiki. Karakana hii inaweza kuishi wiki tatu na nusu hivi bila kuuza chochote. Tarakimu hiyo ibandikwe mahali utakapoiona, na ihesabiwe upya kila mwisho wa mwezi.

Kisha pitia daftari la mauzo la mwaka mmoja uliopita na uchague miezi mitatu iliyokuwa mibaya kuliko yote. Wastani wa miezi hiyo ndio utakaouita mwezi mbaya. Kuanzia hapa kila uamuzi utapimwa kwa mwezi huo, hata kama mwezi ulio mbele yako ni mnono.

Hatua ya tatu: Panga hatari kwa uwezo wake wa kuua

Orodha za hatari zinazopatikana katika vitabu vya biashara huwa ndefu na hazina mpangilio. Kwa karakana ndogo yanatosha maswali mawili kwa kila hatari: hutokea mara ngapi, na ikitokea itakula wiki ngapi za uhai? Umeme kukatika siku nzima hutokea mara nyingi lakini hula sehemu ya wiki tu. Wizi wa vifaa au moto hutokea kwa nadra, ila unaweza kula wiki zote kwa usiku mmoja. Hatari za kundi la kwanza hushughulikiwa kwa mpangilio wa kazi, kwa mfano kazi za mkono kama kupiga msasa na kupaka rangi huwekewa akiba kwa ajili ya saa za giza. Hatari za kundi la pili hazivumiliwi kwa mpangilio wa kazi. Hupunguzwa kwa kinga, na kinachobaki hukatiwa bima panapowezekana. Ndoo za mchanga, kizimamoto kinachofanya kazi, kuondoa maranda kila jioni na kutohifadhi vimumunyisho karibu na mahali pa kuchomelea ni mambo ya gharama ndogo mno ukilinganisha na kile yanachookoa.

Hatari tatu zinastahili maneno zaidi kwa sababu hudharauliwa.

Ya kwanza ni mteja mkubwa anayelipa kwa kuchelewa. Wengi huhesabu oda kubwa kuwa ndiyo mlango wa kukua, na kwa kweli mara nyingi ndiyo, lakini karakana nyingi zimefungwa na oda nzuri. Tuseme mteja anaagiza viti 100 na atalipa siku 60 baada ya kupokea. Malighafi ni 2,800 na ujira 700, kwa hiyo unahitaji 3,500 kabla ya kuona senti. Ukitumia wiki tatu kutengeneza, fedha hizo zitakuwa nje kwa karibu miezi mitatu, na katika muda huo gharama za kudumu zitadai takriban 1,260 nyingine. Karakana yenye 350 haiwezi kuubeba mzigo huo. Njia ya kuubeba ni kubadili masharti. Arubuni ya asilimia 40 ya bei ya 5,000 huleta 2,000, na mahitaji ya kazi hushuka hadi 1,500. Vizuri zaidi, gawa oda katika mafungu manne ya viti 25, kila fungu likilipwa kabla la pili halijatoka, na hapo kiasi kinachokuwa hatarini kwa wakati mmoja ni 875 tu. Mteja akikataa arubuni, akakataa mafungu, na akakataa pia kuandikiana, basi anachokuomba ni mkopo usio na riba, nawe una haki ya kumnyima.

Ya pili ni ugonjwa wa mwenyewe. Muulize fundi wako mkuu leo: kama usingefika kwa wiki tatu, nani angejua bei, nani angepokea fedha, nani angejua mbao zinanunuliwa wapi? Kama jibu ni hakuna, hatari kubwa kuliko zote za karakana yako ni mwili wako. Kuandika vipimo, bei na namba za wauzaji katika daftari linaloweza kusomwa na mwingine ni kazi ya siku mbili.

Ya tatu ni eneo. Kabla ya kumwaga zege la msingi wa mashine au kuvuta umeme wa njia tatu, hakikisha una haki ya kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko muda ambao mashine itajilipa. Mkataba wa maandishi unaotaja notisi ya miezi kadhaa una thamani kuliko punguzo la pango. Mahali ambapo hakuna mkataba wa namna hiyo, chagua mashine inayofungwa kwa boliti na kufunguliwa.

Hatua ya nne: Jenga kinga mpya kabla ya kuacha ya zamani

Kazi ya hatua hii ni kuongeza wiki za uhai. Lengo langu, na hapa ninatoa maoni ya mtu mwenye tahadhari, ni wiki nane kwa karakana isiyo na deni na kumi na mbili kwa inayotaka kukopa. Akiba hii huwekwa mbali na droo, kwenye akaunti ambayo si rahisi kuigusa, na haiko kwa ajili ya kununulia mashine. Anayeichanganya na fedha ya mashine atajikuta siku moja ana mashine mpya na hana nauli ya kwenda kudai madeni.

Upande wa wateja, weka ukomo: mteja mmoja asizidi theluthi moja ya mauzo ya miezi sita. Ukimpata aliyezidi, usimfukuze, bali elekeza juhudi za kutafuta soko kwingine hadi uwiano urudi. Upande wa malighafi, uwe na wauzaji wawili, na wa pili anunuliwe kitu kidogo kila mara ili asikusahau. Bei ya malighafi inapokuwa haitabiriki, andika kwenye kila ankara ya makadirio kwamba bei inadumu siku 14, kwani mteja anayerudi baada ya miezi miwili na karatasi ya bei ya zamani huwa na hoja nzuri kuliko wewe kama hukuandika.

Hatua ya tano: Punguza bidhaa bila kujifunga

Sasa una kinga, unaweza kuanza kuchagua. Swali la bidhaa ipi ibaki halijibiwi kwa kuangalia ipi ina ziada kubwa, bali ipi inaleta ziada kubwa kwa kila saa ya kile kilicho haba katika karakana, iwe ni mashine moja au mikono ya fundi mmoja hodari. Kiti huacha 15 na hutumia saa moja ya kuranda. Kabati huacha 24 lakini hutumia saa tatu. Kabati linaonekana kubwa, ilhali kila saa yake inaleta 8 tu. Kama mashine ya kuranda ndiyo inayosubiriwa na kila mtu, kabati linakula chakula cha viti.

Hata hivyo usiiache bidhaa kwa sababu ya hesabu hiyo pekee. Angalia misimu. Bidhaa yenye ziada ndogo inayouzwa katika miezi ambayo nyingine zimelala inalipia pango, na ukiiondoa mwezi mbaya unakuwa mbaya zaidi. Kanuni ninayoipendekeza ni kubakiza bidhaa mbili au tatu zinazotumia malighafi na mashine zile zile lakini zenye wateja wa aina tofauti. Viti vya nyumbani na madawati ya shule hukatwa kwa msumeno mmoja, ila wanunuzi wake hawakauki fedha kwa wakati mmoja. Hapo unapata wepesi wa mkono bila kupoteza kinga yote.

Ukishapunguza, weka utaratibu wa sakafu. Tunza hesabu ya kasoro kwa siku na kwa sababu yake, panga malighafi ili ionekane, na safisha mashine kwa ratiba. Haya yanaonekana madogo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu viwanda vya nguo nchini India uligundua kwamba mambo ya aina hiyo hiyo, yaliyofundishwa na washauri, yaliongeza tija kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Viwanda vile vilikuwa vikubwa kuliko karakana ninazozizungumzia, kwa hiyo tarakimu isihamishwe kama ilivyo. Kinachohamishika ni ukweli kwamba tija ilipanda kutokana na namna ya kuendesha kazi.

Hatua ya sita: Mashine

Hakuna uamuzi unaoleta fahari na majuto kwa pamoja kama ununuzi wa mashine. Rudi kwenye kiti. Ndani ya ile 28 mna 2 unayomlipa jirani kwa kuranda. Ukinunua mashine yako kwa 3,600, utatumia 0.5 kwa kila kiti kwa umeme na kunoa visu, hivyo utaokoa 1.5. Mashine ikidumu miaka mitano, uchakavu wake ni 60 kwa mwezi. Gawa 60 kwa 1.5 na utapata 40. Yaani ni lazima uzalishe viti 40 kila mwezi ili mashine ijilipe yenyewe tu, kabla hujafikiria riba. Kama mwezi wako mbaya ni viti 25, endelea kumlipa jirani. Malipo kwake hupungua kazi inapopungua, na hiyo ndiyo bima uliyokuwa unainunua kwa 2 kila kiti.

Zipo sababu nyingine halali za kununua. Pengine jirani anakuchelewesha na unapoteza wateja, au mashine itakuwezesha kutengeneza kitu ambacho sasa huwezi. Sababu hizo ziandikwe kwa tarakimu pia: ni wateja wangapi walipotea miezi sita iliyopita, na walikuwa na thamani gani? Vilevile unaweza kuwauzia majirani saa zako za mashine zinazobaki, lakini kwa kupanga, hesabu nusu ya kile wanachokuahidi.

Kabla ya kulipa, fanya yafuatayo. Kodi mashine ya aina hiyo kwa wiki mbili, hata kama ni usiku, uone kama mafundi wako wanaimudu. Uliza vipuri vinapatikana wapi na fundi wa kuitengeneza ni nani, na kama jibu la maswali yote mawili ni mtu yule yule anayekuuzia, ongeza tahadhari. Pima umeme wa eneo lako mchana wa siku ya kazi, wakati majirani wote wamewasha, kwa kuwa mota iliyokusudiwa volti kamili huungua polepole inapopewa pungufu. Mashine iliyotumika isinunuliwe ikiwa baridi: itake iwashwe na ifanye kazi kwa saa nzima, uguse beringi, usikilize. Na bei ya mashine ijumuishe usafiri, msingi, nyaya, kinga za mikono na mafunzo.

Hatua ya saba: Watu

Kumwondoa fundi kwenye ujira wa kipande na kumpa mshahara ni kuongeza gharama za kudumu, na hivyo hupimwa kama mashine, kwa mwezi mbaya. Anza na mmoja: yule ambaye akiondoka kazi itaharibika. Mpe sehemu ya kudumu inayotosha kuishi na sehemu ya kipande juu yake, halafu umkabidhi ukaguzi wa ubora wa kila kitu kinachotoka. Wengine wabaki na kipande, ila kipande kilichokataliwa kwa kasoro ya fundi kirudiwe bila malipo mapya, na sharti hilo lijulikane kabla ya kazi kuanza. Mikataba iandikwe na sheria ya kazi ya nchi yako ifuatwe, kwani anayelipwa pungufu ya kiwango cha sheria ni deni ambalo halijafika tu.

Hatua ya nane: Mkopo

Mtaji mdogo unaweza kuzaa sana. Jaribio lililofanywa Sri Lanka na kuchapishwa mwaka 2008, ambapo wenye biashara ndogo sana walipewa mtaji kwa bahati nasibu, lilionyesha wastani wa mapato ya takriban asilimia 5 kwa mwezi kwa mtaji huo. Lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa, na wapo waliopata kidogo au hawakupata kitu. Usikope kwa kutegemea wastani wa watu wengine. Tumia tarakimu za hatua ya pili.

Jambo la kwanza la kuuliza ni riba inapigwa kwenye nini. Ukikopa 1,200 kwa miezi 12 kwa asilimia 2 kwa mwezi inayopigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, utalipa 24 kila mwezi kama riba na 100 kama mkopo, jumla 124. Kwa kuwa mwezi wa mwisho unadaiwa 100 tu lakini unalipa riba ya 1,200, riba halisi kwenye salio ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji mwingine anayetangaza asilimia 3 kwenye salio ni nafuu, ingawa tangazo lake linaonekana ghali. Ongeza pia ada za fomu, bima ya mkopo na akiba ya lazima.

La pili ni muda. Mkopo wa mashine ya miaka mitano usilipwe kwa miezi sita, na malighafi ya oda ya mwezi mmoja isinunuliwe kwa mkopo wa miaka miwili. La tatu ni kipimo chetu: marejesho ya mwezi yasizidi nusu ya kile ambacho karakana hubakiza katika mwezi mbaya. Kama mwezi mbaya haubakizi kitu, karakana haiko tayari kwa deni la kudumu. Inaweza kutumia arubuni, au mkopo wa oda moja yenye mkataba wa maandishi, na kuishia hapo. Nyumba ya familia isiwekwe dhamana kwa ajili ya mashine. Najua wapo waliofanya hivyo wakafanikiwa, na husimuliwa sana, ila waliopoteza nyumba hawaitwi kusimulia.

Hatua ya tisa: Majirani na serikali

Mwaka 1890 mwanauchumi wa Uingereza Alfred Marshall alieleza kwa nini watu wa ufundi mmoja hukusanyika mahali pamoja: ujuzi huenea kati yao, wauzaji wa malighafi huwafuata, na mafundi hupatikana. Faida hizo huja zenyewe. Zipo nyingine ambazo haziji bila kukaa kikao. Mwaka 1994 Marekani iliwekea vikwazo vyombo vya upasuaji vilivyotoka mji wa Sialkot nchini Pakistan kwa sababu ya ubora. Hakuna karakana moja ambayo ingeweza kulitatua tatizo hilo peke yake. Chama cha watengenezaji, kikisaidiwa na serikali, kilileta wataalamu wa kufundisha viwango, na mauzo yakarejea. Kwa karakana yako yaweza kuwa jambo dogo zaidi: jenereta ya pamoja, mlinzi mmoja kwa safu nzima, ununuzi wa chuma kwa jumla, au orodha ya wateja wasiolipa. Anzeni na kimoja chenye hesabu rahisi, maana ushirika unaoanza na jambo kubwa huvunjikia kwenye uchaguzi wa mweka hazina.

Kuhusu usajili na leseni, jibu fupi ni kwamba gharama yake iwekwe pembeni ya kile unachokikosa: zabuni, akaunti ya benki ya biashara, wateja wanaodai risiti. Mara unapomlenga mteja wa aina hiyo, usajili ni malighafi kama mbao.

Hatua ya kumi: Andika njia ya kurudi kabla ya kwenda

Kabla ya kila upanuzi, andika kwenye ukurasa mmoja tarakimu tatu: idadi ya bidhaa utakayofikia baada ya miezi sita, wiki za uhai ambazo hutakubali zishuke chini yake, na hasara ya mwisho utakayoivumilia. Andika pia kitakachofanyika tarakimu hizo zikivunjwa: mashine itauzwa, nani ataarifiwa, sehemu gani ya eneo itarudishwa. Mpe nakala mtu mmoja unayemheshimu na asiyekuogopa, awe mwenzi wako wa ndoa, fundi mkuu au mwenye karakana mwenzako, na mpangiane tarehe ya kukaa naye.

Tarehe hiyo ikifika na tarakimu zikawa zimevunjwa, uza mashine ingali inafanya kazi kila siku, kwa kuwa inayonguruma mbele ya mnunuzi hupata bei ambayo iliyofunikwa turubai haipati. Lipa wauzaji wa malighafi kwanza, kisha mafundi wanaodai vipande vyao siku hiyo hiyo, rudi kwenye kumlipa jirani 2 kwa kila kiti, na uanze tena kuhesabu wiki za uhai mwisho wa mwezi.